Uliza Mwalimu: Harusi kwenye ukumbi wa shule ya watoto wetu

Mwezi uliopita niliandika hapa sentensi moja tu, kwamba shule ya watoto wenye mahitaji maalum inaweza kukodisha ukumbi na uwanja wake kwa majirani kama shule nyingine yoyote, alafu nikaendelea na mambo yangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu haijapumzika tangu siku hiyo, wengine wananigombeza kwamba nimesahau watoto, wengine wanataka namba ya hedimasta wapate ukumbi wa bei poa. Basi leo ukurasa wote ni wa habari hiyo. Nimechukua barua tano za hapa Uganda, majina nimeyaficha na shule sitaji.

*Mwalimu habari za siku nyingi. Mi ni mama wa mapacha hapa Mbale, mmoja wao haoni, yuko bodingi P3 (darasa la tatu) kwenye shule ya mahitaji maalum na mi mwenyewe wazazi walinichagua kwenye komiti ya shule. Sasa hii term ya pili karibu kila Jumamosi kuna harusi au kwanjula (utambulisho wa kimila) kwenye ukumbi, spika mpaka saa saba usiku, juzi Jumapili asubuhi mtoto wangu alikua anaenda kunawa akajikwaa kwenye kamba ya tenti ambayo haikufunguliwa, mguu umechanika. Hedimasta anasema pesa za harusi ndio zinanunua maharage. Mi nataka komiti ipige marufuku kabisa, nakosea? Nalongo, Mbale*

Nalongo, pole na umpe pole yule mtoto. Hujakosea kukasirika ila marufuku mi sikubaliani nayo, ngoja nikueleze kwanini, na nitakuchukua mbali kidogo.

Mtoto asiyeona hatembei kwa bahati. Pale shuleni kwao ameshahesabu hatua, kutoka bwenini mpaka kwa tangi la maji ni ngapi, wapi kuna ngazi, wapi ukuta unaisha, wapi harufu ya jikoni inaanza ajue amekaribia. Ile ni ramani na ameitengeneza kwa miezi, pengine kwa kuumia pia. Sasa wewe mwenye macho ukiacha kiti kimoja cha plastiki njiani kwako ni kiti tu, kwake ni ramani imechanwa. Na kamba ya tenti ndio mbaya kuliko vyote kwa sababu iko juu ya ardhi, inapanda mshazari, fimbo nyeupe inapita chini yake mguu au uso unaikuta. Vigingi viking'olewa yanabaki mashimo, na hayo mashimo ndio yanashika gurudumu dogo la mbele la wilichea.

Nilifundisha shule ya bodingi ya watoto wa aina hii miaka mingi, na sisi tulikodisha, tena sana. Mwaka wa kwanza tulikua tunarudisha deposti usiku uleule dijei akishafunga mitambo, watu wamechoka, wotchmani anazungusha tochi anasema iko sawa. Asubuhi tunaokota watoto. Alafu matroni mmoja, mwanamke hajasoma sana lakini kichwa kinafanya kazi, akasema kwani anayejua kama kiwanja kiko sawa ni wotchmani? Kuanzia hapo tukaandika kwenye makubaliano kwamba deposti inarudi Jumapili saa mbili asubuhi, baada ya wanafunzi wawili wakubwa wenye fimbo kutembea njia zote, bwenini, chooni, kwa tangi, kwa jiko, na mmoja wa wilichea kupita rampu na chooni. Mwenyekiti wa harusi lazima awepo atembee nao. Jaribu hiyo Nalongo, uone watu wazima wenye suti wakiwa wanafukuzana na vifuniko vya soda kwenye nyasi saa moja asubuhi.

Vifuniko nimevitaja makusudi. Kuna watoto wetu, hasa wenye shida ya akili au usonji, wanaokula kila kitu wanachoona chini, kifuniko, kipande cha sigara, yale makaratasi ya kung'aa wanayorushia maharusi. Na baluni pia uziandike kwenye makubaliano. Watu wengi hawajui hii: watoto waliozaliwa na mgongo wazi baadhi yao mwili unakataa kabisa mpira wa aina ya baluni na glavu, kwa sababu tangu wachanga wamefanyiwa opresheni nyingi na kuguswa na hizo glavu, mtoto anaweza kuvimba, kupumua kukawa shida, ni dharura ya hospitali. Nyinyi hapo Mbale mna hospitali ya CURE inayotibu watoto wa mgongo wazi na kichwa maji kutoka nchi nzima kwahiyo shule za huko zitakua nao tu, kaulize matroni. Baluni hapana, mapambo ya kitambaa yanatosha na yanapendeza zaidi hata.

Alafu taa za diski zile za kumetameta haraka haraka, mwenye kifafa zinaweza kumwangusha, na dirisha la bweni liko mita ngapi na ukumbi?

Sasa kelele. Saa saba usiku ni ubaya hata kwa jirani asiye na mtoto, na sheria ipo tangu 2003, zile kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, ambazo zinahesabu usiku unaanza saa nne. Kwahiyo saa nne spika zinazimwa, hiyo sio roho mbaya ya komiti. Watu hufikiri shule ya viziwi haina shida na spika, aah, mtoto kiziwi anaisikia besi kifuani na kwenye kitanda cha chuma, anaamka hajui nini kinatikisa nyumba. Uliza walio karibu na njia ya ngoma za kadodi mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu.

Mi ningekua kwenye komiti yenu ningesema hivi: wakati wa term, harusi moja kwa mwezi na iwe mchana, zilizobaki ziende kwenye likizo, Mei, mwisho wa Agosti, na Desemba ambako ndio harusi zenyewe zimejaa, watoto wako nyumbani na ukumbi umelala. Novemba wakati wa PLE, mtihani wa kumaliza msingi, hakuna kitu, hata mitingi ya kikundi cha akiba. Na jenereta na mafuta yake yakae mbali na mabweni, geti lisizibwe na magari ya wageni, mlango wa bweni usifungwe kwa nje eti watoto wasichungulie harusi. Sote tunakumbuka Mukono Oktoba 2022, shule ya watoto wasioona, moto wa usiku, watu 11 walikufa. Sisemi zaidi ya hapo.

Na kwanini sitaki marufuku? Kwa sababu kabla hatujaanza kukodisha majirani walikua wanaita shule yetu jina ambalo siwezi kuandika hapa, boda alikua anakuacha mbali na geti hataki kufika. Wameanza kuja kwa harusi, wakaja kwa mitingi za LC (baraza la kijiji), wakaja kupiga kura, mwaka wa tatu boda walewale ndio wanabeba watoto wetu kwenda kliniki usiku kwa mkopo. Hiyo huipati kwa semina.

*Jambo Mwalimu, mi ni katibu wa komiti ya harusi ya kaka yangu, Jinja. Tumepata ukumbi kwenye shule ya watoto walemavu, bei nzuri na kuna rampu na jaja yetu (mzee wa familia) yuko kwa wilichea kwahiyo imetufaa sana. Shida ni memba wawili wa komiti wanasema niongee na hedimistresi watoto wabaki bwenini siku hiyo, eti wageni kutoka mbali watajiskia vibaya na picha zitaharibika. Nimwambieje bila kumuudhi? Katibu, Jinja*

Katibu, usimwambie. Hakuna namna nzuri ya kusema hicho kitu, nimekaa nimekizungusha kichwani kwa Kiswahili na Luganda na Lusoga, kote kinanuka. Unaenda nyumbani kwa mtu, maana bodingi ni nyumbani kwao miezi tisa ya mwaka, unakalia kiti chake, unatumia choo chake, jaja yako anapanda rampu iliyojengwa kwa ajili yake, alafu unamwambia ajifiche. Hao memba wawili waambie kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020 inayokataza ubaguzi, na wakibisha waambie ukumbi wa hoteli uko wazi, walipe wao tofauti ya bei.

Ila kuna jambo linafanana na hilo na sio lenyewe. Hedimistresi mwenyewe anaweza kukwambia watoto watakua upande wa pili na wana walezi wao, na hapo anawalinda, mukubali. Umati wa watu wasiojulikana, pombe imeingia, mtoto asiyeweza kusema aliyefanyiwa kitu atakwambiaje? Kwahiyo mgeni haendi upande wa mabweni, hata akisema anatafuta choo. Vyoo vya wageni vionyeshwe mapema, na kile choo chenye vyuma vya kushikia kiachiwe jaja na wenzake, sio kila mtu mzima mwenye haraka aende kuning'inia pale, vile vyuma vinang'oka na kuvirudisha ni fundi na simenti na wiki mbili mtoto anabebwa. Mukiona kitu kisichoeleweka kwa mtoto, namba ni 116, ni bure, au polisi dawati la familia na watoto.

Picha: mpigapicha wenu asipige watoto wa shule bila shule kusema ndio, na shule yenyewe lazima wazazi wawe wamekubali. Sio kwa sababu wanaharibu picha jamani. Ni kwa sababu kesho utaikuta WhatsApp imeandikwa "tusaidie mtoto huyu" na namba ya simu ya mwizi.

Alafu chakula. Najua mtabakisha pilau na nyama, na roho nzuri itawaambia mpeleke bwenini saa mbili usiku. Mpe matroni, asigawe mgeni. Kuna watoto viungo vyao vimekakamaa hata misuli ya koo, kipande cha nyama ya kawaida kinawakaba, wao wanasagiwa. Mgeni hawezi kujua huyu ni yupi. Na kama mtoto wa kwaya ataimba kwenye harusi yenu basi aimbe kama mwimbaji, apate soda na usafiri na shule ilipwe, musipitishe kapu la sadaka mbele yake.

Maharusi hongera.

*Salaam Mwalimu. Nafundisha kwenye shule ya serikali yenye kitengo cha watoto wa mahitaji maalum huku West Nile. Ukumbi na uwanja vinakodishwa, lakini pesa zinatumwa kwa namba ya simu ya mkubwa wetu mwenyewe, hakuna risiti, na sisi darasani hata karatasi za brela (maandishi ya wasioona) hatuna. Nikiuliza naambiwa nitahamishwa. Nifanye nini? Mwalimu mwenzio*

Mwenzangu, usiulize peke yako tena. Hiyo ndio ya kwanza. Hedimasta kisheria ni katibu wa komiti ya usimamizi wa shule, sio mwenye shule, na komiti ile ina watu wa walioianzisha shule, wa serikali ya mtaa, wazazi, walimu na waliosoma hapo. Ongea na mwakilishi wa walimu na mzazi mmoja mwenye mdomo, waweke kwenye ajenda kitu rahisi kisichomtaja mtu: "bei na utaratibu wa kukodisha majengo". Nani atapinga ajenda hiyo?

Mkifika hapo mambo matatu tu yaandikwe kwenye minitsi. Pesa iende akaunti ya shule yenye sahihi zaidi ya moja au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la shule. Kila bukingi iingie kwenye kitabu chenye risiti ya nakala, na kitabu kikae mahali bursa (mhasibu wa shule) na mwenyekiti wote wanaweza kukifungua. Na sehemu ya pesa ijulikane inaenda kwa watoto wenyewe, sio "maendeleo ya shule", hilo neno limekula pesa nyingi nchi hii. Andikeni karatasi za brela, betri za vifaa vya kusikia, matairi ya wilichea, kwa majina.

Bei yenyewe wengi wanakosea. Wanasema laki tatu kwa sababu shule ya jirani inasema laki tatu. Soma mita ya umeme, ile ya Yaka, kabla na baada, pima tangi la maji, gawanya lori la kunyonya choo (harusi ya watu mia nne inajaza shimo ambalo watoto wangetumia muda mrefu), mlipe wotchmani na matroni wa kubaki usiku, kiti kinachovunjika, sabuni ya kuosha ukumbi. Ukijumlisha unaweza kukuta shule imekua ikilipia harusi za watu. Uingereza huko shule za namna hii zinakodisha mpaka bwawa la maji ya uvuguvugu la kunyoosha viungo, na anayekodi kwa kawaida anadaiwa karatasi ya bima kabla hajakabidhiwa ufunguo. Sisi bima hatujafika, lakini deposti na sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1 tunaweza.

Kama komiti nayo imekufa au imekula pamoja naye, juu yake kuna afisa elimu wa wilaya, na kila baraza la wilaya lina madiwani wawili wa watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanaume, hao watu wachache wanawakumbuka kuwatumia. Baada ya hapo ni IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayeshughulikia rushwa. Weka tarehe, nani alikodi, siku gani, usiweke hasira. Kuhamishwa sikudanganyi inawezekana, ndio maana nikasema usiulize peke yako.

*Mwalimu, Bwana asifiwe. Kanisa letu changa Busia halina jengo, shule ya watoto wenye usonji na shida za akili imetupa darasa kila Jumapili na tunaomba pia kesha Ijumaa. Mwalimu wa darasa analalamika kila Jumatatu, mpaka tumechoka. Tumemkosea nini, tunafagia vizuri kabisa. Mchungaji*

Mchungaji, amina. Mmefagia, lakini madawati mmeyarudisha pale yalipokua? Mtoto mwenye usonji akiingia Jumatatu akakuta meza yake imegeukia dirishani, siku imeisha saa mbili asubuhi. Na ile foleni ya picha ukutani, kikombe, kitabu, mpira, sahani, mnaona ni mapambo ya nasari, ile ndio ratiba yake, ndio saa yake ya mkononi, mkiitoa mkabandika bango la mkutano wa injili mmemwibia siku nzima. Piga picha ya darasa kwa simu Jumapili kabla hamjagusa kitu, mkimaliza rudisheni kama picha. Chora alama za chaki chini ya miguu ya meza. Nunueni nanyi pazia la kufunika ukuta ule, sio ghali.

Kesha hapana kama watoto wanalala hapo, na spika mbili za kuitia kijiji ndani ya darasa la watu thelathini sijui mnamtafutia nani uziwi.

Na lingine hukuuliza ila nimelikuta sehemu nyingi, msiwashike watoto vichwa kuwaombea waponywe bila mzazi kujua. Mtoto wa kichwa maji anaweza kuwa na mrija chini ya ngozi pale pale mnapobonyeza. Waombeeni mkiwa mmekaa, Mungu anasikia.

*Sup Mwalimu, sisi vijana wa Tororo tuna timu, shule ya viziwi imekubali tutumie kiwanja Jumanne na Alhamisi jioni kwa elfu kumi. Ila watoto wao wanakuja wanajaa kiwanjani wanataka kucheza na hawasikii filimbi, wanaendelea tu na mpira, mazoezi yanavurugika. Tuwafukuze au tumwambie mwalimu wao? Kapteni*

Kapteni, kiwanja ni chao na nyie ndio mmejaa. Leta kitambaa chekundu au bendera ndogo, refa akipuliza ainue na mkono juu, wachezaji wote wakiona bendera wanasimama, hata nyie. Mechi za viziwi zinachezwa hivyo kila mahali. Wiki mbili mtakua mmezoea, na mtajifunza ishara za "pasi", "nyuma yako" na "ofsaidi" ambazo zitawasaidia siku mnacheza ugenini uwanja umejaa kelele na kocha hasikiki. Dakika ishirini za kwanza mchanganye timu, alafu nyie muendelee na mazoezi yenu, wao wameridhika wanaenda kuoga.

Ile elfu kumi mchukue risiti. Na yule beki wao mrefu wa kushoto, kama ni shule ninayoifikiria, muangalieni vizuri kabla timu nyingine haijamuona.